Mjadala: Aliyehamia Dodoma anakuwa mwenyeji lini?

Mkazi wa Ilazo: Nilikuja na wizara 2017. Nimejenga, watoto wanasoma hapa, napigia kura hapa. Juzi msibani naulizwa tena, "Mgeni, kwenu wapi?" Iliniuma. Hivi mtu anakuwa mwenyeji lini? Na tukubali, sisi tuliohamia ndio tumeuinua huu mji.

Binti wa Ntyuka: Mmeuinua? Babu yangu alilima uwele palipo na maghorofa leo. Wakaja wapimaji, tukasogezwa, halafu tunaambiwa tumeinuliwa. Hilo neno lirudishe.

Mkazi wa Ilazo: Dada, sikumaanisha babu. Nasema tangu tuwe jiji 2016.

Fundi Chang'ombe: 2016 ni tamko la Magufuli la kuhamia. Jiji ni Aprili 2018. Na uamuzi wenyewe wa makao makuu ni wa TANU, 1973. Lakini dada, viwanja wenyeji nao wanauza! Shemeji yangu Mgogo kauza Nzuguni kwa hiari yake.

Binti wa Ntyuka: Hiari gani, mtoto karudishwa nyumbani kwa kukosa ada? Mnanunua kwa mwenye shida, kisha mnamcheka anakula mlenda.

Fundi Chang'ombe: Nani kataja mlenda hapa? Mimi mlenda naula kila siku!

Mzee wa Majengo: Wanangu, taratibu. Mji huu umekua na reli, na Uhindini haikupewa jina hilo bure. Babu yangu Mnyamwezi alishukia hapa stesheni akabaki. Enzi za misafara Wanyamwezi wakipita Ugogo walitoa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa mtemi, wakapewa njia na maji. Baadaye ukawa utani. Akifa Mgogo, babu anaingia na vituko vyake, anadai alipwe ndipo maiti atoke. Hakuna aliyemuuliza kwao wapi, maana msiba bila yeye haukwenda. Bwana Ilazo, wewe msibani ulifanya nini?

Mkazi wa Ilazo: Nilitoa rambirambi, nikakaa kwenye viti.

Mama Kisasa: Na sisi Wapare je, tunataniana na Wagogo? Mie nikisalimia kwa Kigogo, "mbukwa", kwenye kikundi chetu wanacheka.

Mzee wa Majengo: Wakiwa wengi ni "mbukwenyi", mama. Mbukwa ni ya mtu mmoja.

Mama Kisasa: Loo, miaka yote hii hakuna aliyenirekebisha!

Binti wa Ntyuka: Mmehamia kwenye salamu. La shamba la babu bado hamjanijibu.