MJADALA: Bastola ya mtumba kwenye maonyesho ya bunduki Marekani, mtu binafsi aendelee kuuza bila mnunuzi kuchunguzwa?

Mleta mada

Wakuu, salaam kwenu. Mada hii naileta kwa sababu Waswahili wengi tunaoishi Texas, Oklahoma na Georgia sasa tunamiliki silaha, na ushauri unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ni uleule: nenda maonyesho ya bunduki Jumamosi, tafuta mtu anayeuza bastola yake iliyotumika, mpe taslimu, ondoka zako. Hakuna fomu wala simu kwenda FBI. Kwa sheria ya Texas hilo ni halali kabisa. Ninachouliza ni kama inafaa liendelee kuwa halali, na msimamo wangu naueleza mapema: halifai.

Kwa ambaye hajawahi kuingia, picha ni hii. Ukumbi mkubwa, meza safu kwa safu. Yale ya Tulsa, Oklahoma, yanayofanyika mara mbili kwa mwaka, yana meza zinazofika maelfu. Ukija na silaha yako, mlangoni wanahakikisha haina risasi, kisha wanapitisha kamba ya plastiki kwenye chemba isiweze kufyatua. Ndani kuna wauzaji wa aina mbili. Wa kwanza ana leseni ya serikali ya shirikisho. Huyu, awe dukani kwake au kwenye meza ya maonyesho, lazima akujazishe Fomu 4473, yaani fomu ya serikali ya maelezo ya mnunuzi, na kuulizia jina lako kwenye mfumo wa FBI ulioanza Novemba 1998 kutokana na Sheria ya Brady. Wa pili ni mtu binafsi. Utamkuta anazunguka na bunduki begani, kikaratasi cha bei kimechomekwa kwenye mdomo wa mtutu. Huyu hadaiwi lolote, mradi hajui wala hana sababu ya kuamini kwamba unayenunua umekatazwa kumiliki silaha.

Madhara ya mwanya huu hayakuanza leo. Bunduki tatu kati ya nne ambazo vijana wawili walizitumia kuua wenzao kwenye shule ya Columbine, Aprili 1999, zilinunuliwa kwa watu binafsi kwenye maonyesho huko Colorado. Aliyezinunua alikuwa msichana wa miaka 18, rafiki wa wale vijana, na baadaye alisema kama angetakiwa kuchunguzwa asingezinunua. Mwaka 2000 wananchi wa Colorado wakapiga kura na kuuziba kwa wingi mkubwa. Hapa kwetu Texas, aliyeua watu saba Midland na Odessa mwaka 2019 alikuwa ameshakataliwa na mfumo miaka mitano nyuma. Bunduki akaipata kwa mtu binafsi. Haikuwa kwenye maonyesho, lakini mlango ni huohuo.

Nawasilisha. Karibuni kwa hoja.

Mkaazi wa Houston

Mkuu, heshima kwako, ila naomba kutofautiana. Serikali ya Marekani yenyewe iliwahoji wafungwa mwaka 2016. Kati ya waliokuwa na silaha walipotenda kosa, waliosema wameipata kwenye maonyesho ya bunduki ni asilimia 0.8 tu. Asilimia 43 waliipata mitaani, kwenye soko la magendo. Sasa unataka kumfungia mlango mzee mstaafu anayeuza bastola ya marehemu kaka yake, huku jambazi hata hayo maonyesho hayajui?

Na kuna jambo hamlisemi. Mfumo huo wa FBI unatuumiza sisi. Ukiitwa Hassan Mohamed au Juma Ali, jina lako linafanana na la watu wengi, unaambiwa subiri. Nimesimama kwenye meza mbele ya foleni, watu wanakuangalia kama mhalifu, muuza bunduki anasema "delayed" kwa sauti ya ukumbi mzima. Mwenzangu anayeitwa kwa jina la Kizungu alimaliza kwa dakika chache. Mimi nina duka la vinywaji, nafunga usiku, nimeshavamiwa. Ninahitaji silaha leo.

Fundi wa Tulsa

Habari zenu. Mimi nakarabati silaha, na maonyesho ya hapa siyakosi. Kabla hamjaendelea na siasa niwaambie wanaonunua, maana naletewa bastola mbovu ambazo kuzichunguza kabla ya kulipa kungechukua dakika tano.

Omba ruhusa kwanza, usishike kitu cha mtu hivihivi. Hakikisha ni tupu kwa macho na kwa kidole chako, hata kama mwenyewe ameapa. Mtutu uelekee chini muda wote. Kama ni bastola ya silinda, mfano Smith & Wesson za zamani, vuta nyundo kwa dole gumba polepole. Nyundo inapokwama nyuma, silinda nayo iwe imeshajifunga mahali pake. Shika silinda uitikise mbele na nyuma. Ikicheza sana, imechoka. Ikichelewa kujifunga, tundu la risasi halitalingana sawasawa na mtutu, na vipande vya risasi vitaruka pembeni. Hiyo iache hata ukipewa bure.

Za magazini, omba aifungue. Mulika mtutu kwa tochi kutoka nyuma. Mifereji ya ndani iwe na kingo kali. Ukiona kivuli cha pete katikati ya mtutu, huenda umewahi kuvimba: risasi ilikwama, nyingine ikafuata. Angalia reli za slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma ukifyatua, kama zimelika upande mmoja. Bastola za Glock zinazouzwa Marekani zina namba ya silaha sehemu tatu: kwenye fremu, slaidi na mtutu. Namba zisipolingana, muulize kwa nini. Zikiwa zimekwanguliwa, rudisha mezani na uondoke, kwa sababu kumiliki silaha iliyofutwa namba ni kosa la shirikisho.

Kwa thamani ya pesa, tafuteni zilizotoka kwa polisi. Nje zimechubuka kwa kuingia na kutoka kwenye ala, ndani mara nyingi zimepigwa risasi chache. Tangu FBI waliporudi kwenye risasi za milimita 9, idara nyingi za polisi ziliachana na zile nene zaidi za .40, ndiyo maana Glock 22, zinazotumia .40, zimejaa sokoni kwa bei ya chini. Ila risasi za .40 ni ghali kuliko za 9, na bastola usiyoifanyia mazoezi haina faida. Shabaha zake za kung'aa gizani pia hufifia, kwa kuwa kemikali yake hupungua nusu kila baada ya miaka 12 hivi. Mwisho, ulizia kama modeli hiyo iliwahi kuitwa kiwandani kurekebishwa. SIG P320 za awali zilikuwa na marekebisho ya hiari mwaka 2017, na Taurus kadhaa za modeli ya PT zilihusika kwenye suluhu ya mahakamani. Ukinunua mtumba mkononi mwa mtu, huwezi kujua kama alipeleka.

Kuhusu mjadala wenu: uchunguzi wa FBI humwangalia mnunuzi, hauiangalii bastola. Bastola ya wizi inaweza kupita hata mnunuzi awe msafi. Polisi wa baadhi ya miji hukubali kukukagulia namba. Waulizeni.

Dada wa Minneapolis

Shikamooni wakubwa. Mimi nafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili wa uhamiaji, na naomba mnisikilize kwa makini kwa sababu wengi humu si raia.

Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kununua. Mwenye viza ya muda, mwanafunzi kwa mfano, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa misamaha michache kama ya leseni ya uwindaji. Asiye na karatasi haruhusiwi kabisa, hata kuishika. Sasa kwenye meza ya mwenye leseni fomu inakuuliza haya yote, unagundua hapohapo. Kwa mtu binafsi hakuna wa kukuuliza. Unaondoka na kosa la jinai kiunoni, ukidhani umefanya biashara halali. Na sheria ya uhamiaji haina huruma: asiye raia akitiwa hatiani kwa kosa la silaha, hilo peke yake ni sababu ya kufukuzwa nchini, hata kama ameishi hapa miaka ishirini na watoto wamezaliwa hapa.

Lingine ni jimbo. Mkaazi wa Oklahoma akivuka kwenda Dallas akanunua bastola kwa mtu binafsi anayejua alikotoka, akarudi nayo, wote wawili wamevunja sheria ya shirikisho. Watu wa mpakani hawalijui hili.

Na la ndugu. Sisi tumelelewa kusaidiana: "ninunulie, nitakurudishia hela." Kuna mtu Virginia aliyewahi kuwa polisi, alimnunulia mjomba wake Glock 19 kwa hela ya mjomba, ili wapate punguzo la polisi. Mjomba mwenyewe alikuwa anaruhusiwa kumiliki. Kesi ilifika Mahakama ya Juu mwaka 2014 na akashindwa, kura tano kwa nne, kwa sababu alijaza kwenye fomu kwamba anajinunulia. Zawadi ya kweli inaruhusiwa. Kununua kwa hela ya mwingine ukasaini kuwa ni yako, hapana. Na tangu sheria ya Juni 2022, kumnunulia unayejua amekatazwa kunaweza kukufunga hadi miaka 15.

Kaka wa Houston, kuhusu jina lako: FBI wana utaratibu wa hiari. Unatuma alama za vidole, wakiridhika wanakupa namba yako binafsi inayoitwa UPIN, unaiandika kwenye Fomu 4473 na hufananishwi tena na mwingine. Kucheleweshwa huko ni dhuluma ninayoiona kazini, sikupingi. Lakini dawa yake ipo.

Huku Minnesota, tangu Agosti 2023, bastola ya mtu binafsi haiuzwi bila kibali cha kununua au uchunguzi. Maonyesho bado yapo.

Mama wa Dallas

Mnaongelea majambazi tu. Mwaka 2021 waliokufa kwa bunduki Marekani ni 48,830, na 26,328 kati yao walijiua. Nyumba zetu zina vijana wenye msongo wa mawazo ambao hatujui hata pa kuanzia kuongea nao. Ukinunua bastola, nunua na sefu siku hiyohiyo. Hakuna anayeliuliza hilo, wa leseni wala binafsi.

Mkaazi wa Houston

Mama, hilo nakubali, bastola yangu ina sefu. Dada, asante kwa UPIN, sikuijua.

Ila msimamo wangu bado. Nikilazimishwa kupitisha kila mauzo kwa mwenye leseni, kila bastola inaacha karatasi. Leo karatasi, kesho daftari la taifa, keshokutwa wanajua nani wa kumnyang'anya. Sisi tunaotoka nchi zetu tunajua serikali ikiamua kukusanya silaha huanza na wasio na sauti. Waufungue mfumo wa FBI kwa simu, hata mimi mtu binafsi niweze kuulizia mnunuzi kabla ya kumpa, bila kuacha rekodi. Hapo nitaunga mkono. Kwa sasa mfumo huo hauruhusu mtu asiye na leseni kuuliza.

Mleta mada

Mkuu, hapo umefika kwenye kiini, na nashukuru umekitaja mwenyewe, maana hizo asilimia 0.8 hazinisumbui sana. Mfungwa anasema alikoipata yeye. Hasemi bastola ilipitia wapi kabla ya kufika mtaani.

Daftari la taifa limekatazwa kwa sheria tangu 1986, na FBI hutakiwa kufuta rekodi ya mnunuzi aliyepita ndani ya saa 24. Fomu inabaki kwa muuzaji. Bastola ikiokotwa kwenye tukio la mauaji, maofisa wa ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, walioko Martinsburg, West Virginia, wanampigia aliyeitengeneza, kisha msambazaji, kisha duka, mpaka kwa mnunuzi wa kwanza. Wanaishia hapo. Kama mnunuzi wa kwanza ni wewe, na uliiuza kwa taslimu ukumbini kwa mtu usiyemjua hata jina, mlango utakaogongwa ni wako. Na wewe ni mtu mweusi mwenye lafudhi, mwenye duka la vinywaji, unamweleza mpelelezi kwamba uliuza kwa "jamaa mmoja mwenye kofia".

Ndiyo maana simu bila rekodi hainitoshi. Uchunguzi unamzuia aliyekatazwa. Rekodi inamlinda aliyeuza kwa haki. Kwa wahamiaji kama sisi, hiyo ya pili ni nzito zaidi.

Mkaazi wa Houston

Mimi huwa simuuzii mtu asiye na leseni ya Texas ya kubeba silaha, na tunaandikiana hati ya mauziano na nakala ya kitambulisho. Wauzaji wengi hapa wanafanya hivyo bila kulazimishwa. Mpelelezi akija, hati hiyo hapo.

Mleta mada

Hilo ni jema, na kama wote wangekuwa kama wewe nisingeleta mada. Lakini yule mwenye kikaratasi mtutuni hadaiwi hati na sheria. Rais Biden alijaribu kupanua tafsiri ya nani anahesabiwa mfanyabiashara wa silaha anayelazimika kuwa na leseni mwaka 2024, na mahakama ikaizuia kanuni hiyo kwa Texas ndani ya wiki chache. Kwa hiyo Texas tunaishi kwa hiari ya muuzaji.

Naomba walioko Colorado na Washington, ambako sheria inataka mauzo ya watu binafsi yapitie kwa mwenye leseni, waje hapa watueleze: mkiuziana bastola ya mtumba kupitia kwa mwenye leseni, anawatoza dola ngapi, na inachukua muda gani? Kaka wa Houston anahofia gharama na usumbufu, nami nataka majibu ya watu wanaolipa.