Moto wa Kilimanjaro: Je, kumwadhibu mpagazi kunatosha?

Kila moto unapozuka Mlima Kilimanjaro, hoja ya kwanza kusikika ni kwamba aliyeuwasha asakwe na aadhibiwe. Ndivyo ilivyokuwa Oktoba 2020, TANAPA, shirika linalosimamia hifadhi za taifa Tanzania, ilipoeleza kuwa, kwa taarifa za awali, moto ulioanza tarehe 11 pale Whona, mahali wanapopumzika wageni kati ya vituo vya kulala vya Mandara na Horombo, ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Naiheshimu hoja hiyo, kwa kuwa sheria za hifadhi zimewekwa ili zifuatwe. Ninachokipinga ni kuifanya kuwa jibu lote.

Anayepajua pale anajua kinachoungua. Msitu mnene unapoishia huanza vichaka vya erika, vyenye vijani vidogo kama sindano na kuvumwani, viumbe kama mimea vinavyoning'inia matawini mfano wa ndevu. Kiangazi kikikolea, kabla ya vuli, vyote hivyo hukauka kiasi kwamba upepo ukivuma cheche moja inatosha, awe ameidondosha mpagazi, mgeni anayevuta sigara au mrina asali anayefukiza nyuki. Takribani kilomita za mraba 95.5 ziliteketea, tena katika mwaka ambao wageni walikuwa wachache mno kwa sababu ya korona. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, moto ukazuka upande mwingine, karibu na kambi ya Karanga.

Wapo wanaosema erika huchipua tena, hivyo tusikuze mambo. Ni kweli huchipua, lakini panapoungua mara kwa mara miti mikubwa haipati muda wa kurudi. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp, aliyeutafiti mlima huu kwa miaka mingi, ameonyesha kuwa moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita, na kwamba maji ya ukungu yanayopotea kwa kukosekana miti ya kuyanasa ni hasara kubwa kuliko kuyeyuka kwa barafu tunakokulilia kila siku. Hasara hiyo humfikia mkulima wa kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, anayetegemea mfongo, mfereji wa kumwagilia utokao mlimani, na huteremka na Mto Pangani hadi kwenye mitambo ya umeme.

Mwaka 2020 mamia ya watu, wakiwemo askari wa hifadhi, wanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka na wanavijiji, walipanda kwa miguu kupambana na moto, wengi wao wakiwa na zana za mikono tu. Ushujaa wao haupingiki, ila kuutegemea ushujaa kila mwaka ni uzembe wa kupanga. Wapagazi haohao tunaowalaumu ndio walio karibu zaidi na moto unapoanza: wafunzwe, wapewe vifaa vilivyohifadhiwa kambini, na walipwe kukaa zamu kuanzia Septemba hadi mvua inyeshe. Kila kituo cha mapumziko kijengewe jiko lililokingwa na upepo, na makubaliano ya ndege za kuzimia moto yafungwe kabla ya kiangazi, si moshi ukishaonekana Moshi mjini.

Wanaotaka adhabu pekee watueleze: mpagazi akishafungwa, chakula cha wageni wa kesho yake kitapashwa wapi, na nani atakuwa na maji karibu upepo ukigeuka?