Mjadala: Faili la afya kwenye simu, mgonjwa aombwe kwanza au afunguliwe tu?

Mleta mada: Wadau, naomba tulijadili hili bila jazba. Kila idadi ya watumiaji wa mafaili ya afya ya kielektroniki inapokuwa ndogo, lawama humwangukia mgonjwa: mwoga, hajui teknolojia. Kisha linakuja pendekezo la kumfungulia kila mtu faili bila kumuuliza, asiyetaka ajitoe mwenyewe. Napinga.

Mama yangu ana presha na kisukari. Nilimwekea programu kwenye simu, nikakesha siku mbili nikiingiza majibu ya vipimo moja moja kutoka kwenye makaratasi yaliyochakaa kwa kukunjwa. Kliniki, daktari akaitazama simu mara moja tu, akauliza, "Mama, karatasi hukuja nazo?" Mama akatoa mfuko wake wa nailoni. Tangu siku hiyo programu haijafunguliwa. Hapo mwoga ni nani?

Google walianzisha Google Health, huduma ya mtu kujiwekea faili lake la afya mtandaoni, mwaka 2008, wakaifunga mwanzoni mwa 2012 kwa kukosa watumiaji wa kutosha. HealthVault ya Microsoft, huduma kama hiyo, ilianza 2007, ikazimwa Novemba 2019. Hao hawakukosa pesa wala wataalamu. Walimfanya mgonjwa karani wa faili lake mwenyewe, na karani asiyelipwa huchoka.

Mchangiaji wa 1: Mkuu, hiyo mifano yako inakupinga. Australia walianza kwa hiari Julai 2012, watu wakasuasua. Wakageuza kibao: kila mtu afunguliwe faili, asiyetaka ajitoe kabla ya Januari 2019 kwisha. Waliojitoa ni kama milioni 2.5, takriban mmoja kati ya kumi. Tisa wakabaki. Ukingoja kila mtu ajiandikishe, anayeletwa hospitali amezimia, na ana mzio wa penisilini, nani atamsemea?

Mleta mada: Kubaki si kutumia. Mtu ambaye hata hajui kama ana faili, unamhesabuje kuwa amelikubali? Na huyo aliyezimia, faili lake likiwa tupu litamsaidia nini?

Mchangiaji wa 2: Mimi ni muuguzi, niwatetee kidogo wenzangu. Daktari yule hakumdharau mama yako. Namba ulizoandika wewe usiku, umechoka, hatuwezi kuzitumia kupanga dozi. Chukua kreatinini, kipimo cha figo. Maabara nyingine huandika kwa miligramu, nyingine kwa mikromoli, na 1 ya huku ni kama 88 ya kule. Karatasi inaonyesha kipimo kilifanyika wapi, lini na kwa vipimio gani. Programu yako ilionyesha namba tu. Halafu mfumo wetu na huo wa simu havisomani, kwa hiyo ningelazimika kuchapa yote upya huku foleni imefika mlangoni. Majibu yakitoka maabara moja kwa moja hadi kwenye faili la mgonjwa, nitayasoma. Vinginevyo nileteeni mfuko wa nailoni.

Mchangiaji wa 3: Mnazungumzia foleni, mimi nazungumzia siri. Finland, Oktoba 2020, ilibainika kwamba kumbukumbu za wagonjwa wa kituo cha tiba ya kisaikolojia cha Vastaamo zimeibiwa. Mwizi alikidai kituo pesa, akakosa, akawageukia wagonjwa wenyewe: ulipe, au maneno uliyomwambia mtaalamu wako yawekwe hadharani. Hakuna mwizi wa mfuko wa nailoni anayeweza kuwafikia watu maelfu kwa usiku mmoja.

Mchangiaji wa 1: Lakini zile zilikuwa kumbukumbu za kituo, si faili alilolishika mgonjwa. Maana yake siri zako ziko kwenye kompyuta tayari, ila wewe ndiye usiyeziona. Estonia, ambako mfumo wa taifa ulianza 2008, mtu anaingia na kitambulisho chake na kuona nani amefungua faili lake na lini. Mfuko wa nailoni hauwezi kukwambia nani ameuchungulia.

Mleta mada: Hilo la Estonia limenigusa. Nalegeza msimamo: nitakubali faili lifunguliwe bila kuniuliza, ila hospitali ilijaze yenyewe, nami nione kila aliyelichungulia. Pungufu ya hapo, waniombe kwanza.

Mchangiaji wa 4: Nyote mnamwogopa mtu wa mbali. Mimi nawaza wa chumbani. Mke anayetumia uzazi wa mpango kwa siri, na simu ya nyumba nzima ni moja. Kijana aliyepima magonjwa ya zinaa, na mzazi ndiye aliyemfungulia akaunti. Orodha ya walioingia itaonyesha jina la mwenye faili, kwa sababu nenosiri lililotumika ni lake. Hapo mnafanyaje?

Mleta mada: Hilo sina jibu. Nenosiri la mama ninalo mimi, na sikumbuki kama niliwahi kumuuliza.