Kuvu ya kahawia kwenye bustani ya sisimizi wakata majani: nipige dawa au niwaachie wenyewe?

Mleta uzi
Wakuu, heri kwenu. Kazini kwetu ni maabara, na miongoni mwa viumbe ninaowatunza kuna koloni ya sisimizi wakata majani, Acromyrmex echinatior, wenye asili ya Amerika ya Kati. Bustani yao ya kuvu ilikuwa na rangi ya kijivu cheupe, imejaa vishimo kama sifongo, na malkia anataga bila shida. Sasa upande wa chini kumezuka utando mweupe, ukageuka kahawia, na bustani ya pale imelegea inabomoka. Vibarua wamejazana hapo wanalamba, wanang'oa vipande na kuvipeleka chumba cha taka, lakini kila nikichungulia doa limepanuka. Mwenzangu anasema tunyunyize dawa ya fangasi yaishe. Mimi nasita. Naombeni ushauri.

Mama Hadubini
Usithubutu! Bustani yenyewe ni kuvu, Leucoagaricus gongylophorus, inayooteshwa juu ya majani wanayoyakata, na ndiyo chakula cha mabuu. Dawa itamuua mgonjwa pamoja na ugonjwa.

Kwa maelezo yako nashuku Escovopsis, kuvu nyingine ambayo ni kimelea wa bustani hizi. Ingekuwa kijani ningesema Trichoderma, aina nyingine ya ukungu, ambayo vibarua huimudu kwa urahisi zaidi. Ila rangi peke yake si ushahidi. Chukua kipande kidogo ukiweke chini ya hadubini. Escovopsis nyingi zina vichwa vidogo vilivyovimba, na juu yake vimepangwa vijichupa vinavyotoa spora, yaani chembe za uzazi za kuvu. Usipoviona, tutazungumza mengine.

Kibano
Naunga mkono, na naongeza: dawa hata haitafika mbali. Watafiti waliwahi kuwapa sisimizi hawa majani yenye dawa ya kuua kuvu, dawa ambayo haiwadhuru sisimizi wenyewe. Mwanzoni waliyabeba kama kawaida. Bustani ilipoanza kuumia wakayasusa, na wakaendelea kuyasusa majani ya aina ile hata yasipokuwa na dawa. Kwa hiyo mkuu utajikuta na bustani mbovu na vibarua waliogoma kubeba unachowaletea.

Halafu waangalie kifuani. Kuna unga mweupe? Huo ni bakteria, Pseudonocardia. Mwaka 1999 mtafiti Cameron Currie na wenzake walionyesha kwamba bakteria hao hutoa antibiotiki inayozuia Escovopsis. Wakati huo waliwadhania kuwa Streptomyces, jina likarekebishwa baadaye. Vibarua wakubwa wakiwa bado vijana ndio hufunikwa sana, kisha unga hupungua kadiri wanavyozeeka na kuanza kutoka nje. Kwa hiyo mzee asiye na unga asikutishe. Na asije mtu akakushauri uwape antibiotiki za dukani, utawaua bakteria hao wanaowalinda.

Mbishi wa Kudumu
Mnamsingizia Escovopsis kila kitu. Hupatikana hata kwenye bustani zinazoonekana nzima kabisa, na wapo watafiti wanaomwona kama mvamizi wa fursa tu, anayesubiri koloni idhoofike. Swali langu kwa mleta uzi ni hili: nini kimewadhoofisha? Unyevu ukoje? Chumba cha taka kimejaa? Majani mnayatoa wapi, hayajapigwa dawa huko yalikotoka?

Kibano
Hapo Mbishi una hoja, lakini usivuke mpaka. Bustani ikiondolewa vibarua wote, Escovopsis huila ndani ya siku chache. Na kimelea huyu ana silaha: hutoa kemikali zinazowadhuru sisimizi na nyingine zinazowakandamiza hao bakteria. Huyo si mpita njia.

Mleta uzi
Nimerudi. Vichwa vilivyovimba vipo, tena vingi. Unga mweupe nao upo kwa vibarua wengi. Unyevu uko sawa, ila chumba cha taka kweli kimefurika. Sasa, nikate sehemu iliyooza? Na huyu kimelea ameingiaje, wakati nasikia malkia huanzisha bustani kwa kuvu safi?

Mama Hadubini
Ndiyo, malkia huruka na kipande cha kuvu ya mama yake kwenye kimfuko cha mdomoni. Escovopsis kwa kawaida hasafiri naye, huja baadaye kutoka nje. Kwenye maabara, "nje" ni vibano, mikono na koloni za jirani.

Kata, ndiyo. Choma kibano motoni, kiache kipoe, ondoa doa pamoja na ukingo wa bustani inayoonekana nzima, polepole, spora zisitawanyike. Vibarua wadogo waache humo. Wao hukwangua spora moja moja, huzibana kwenye kile kimfuko cha mdomoni hadi ziwe kidonge, kisha wakakiacha kwenye taka. Zoa taka zote uzitoe chumbani kabisa. Pia tenga kipande kizima cha bustani, chenye mabuu na vibarua wa kutosha, kwenye kisanduku kingine kama akiba.

Mbishi wa Kudumu
Umetaja jirani. Mleta uzi, mna koloni nyingine humo ndani?

Mleta uzi
Ipo moja ya Atta, wakata majani wa jenasi nyingine, rafu ileile. Bustani yake bado safi.

Kibano
Basi hiyo ndiyo inanipa wasiwasi. Atta hawana ule unga wa bakteria kifuani. Wanategemea usafi na tindikali za tezi zao, na Escovopsis wa Acromyrmex anaweza kuhamia kwao. Ihamishe chumba kingine leo, iwe na kibano chake peke yake, na kila siku uihudumie hiyo kwanza ndipo uende kwa mgonjwa. Ukishakata, weka picha hapa tuone ukingo unavyoendelea.