Grupu la wafugaji kuku: majibu ya maswali yanayojirudia tuyaweke wapi na nani ayatunze?

Mfugaji_Ngaramtoni
Wakuu habari za leo. Nasimamia grupu la WhatsApp la wafugaji kuku wa huku Arusha, wengi ni wa Ngaramtoni, Sakina, Moshono mpaka Usa River, na wapya wanaingia kila wiki. Shida ni maswali yaleyale, chanjo ya siku ya saba ni ipi, vifaranga wanajikusanya kwa nini, kuku wanaharisha kijani niwape nini. Mtu anajibiwa vizuri jioni, asubuhi anakuja mwingine na lilelile, wanaojua wamechoka wanakaa kimya, halafu anajibu asiyejua. Juzi kuna mtu kaambiwa achanganye chanjo na maji ya bomba hivyohivyo, na maji yale yana klorini inayoharibu chanjo! Majibu nimeyaweka Google Docs nikatuma linki ila wengi hawafungui. Nifanyeje, na nani nimruhusu kurekebisha?

MamaVifaranga_Moshi
Pole mwanangu. Linki hawafungui kwa sababu ya bando na simu zenyewe ndogo, faili linahangaika kufunguka mtu anaamua kuuliza tu. Sisi huku Moshi tunaandika kama meseji ya kawaida, swali moja meseji moja, akiuliza mtu unamtumia ile ile. Na swali liandike vile watu wanavyouliza, usiandike "usimamizi wa joto la bruda" maana hakuna atakayetafuta hivyo. Letu liko hivi:

"Vifaranga wanajikusanya kwa nini? Wakirundikana chini ya taa wana baridi. Wakikaa mbali na taa wanahema midomo wazi, joto limezidi. Wakijibana upande mmoja wote, angalia upepo unaingilia wapi. Wiki ya kwanza nyuzi joto 32 hadi 35, halafu punguza kama 3 kila wiki."

Basi, imetosha. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya huku unaijua, hiyo inatumwa karibu kila siku.

Kijana_wa_Kijenge
Shikamoo mama. Naongezea, Google Docs usiifute, iwe ndio nakala kuu ambayo meseji zote zinatoka humo. Wote wape ruhusa ya kusoma, wachache wape ya kutoa maoni, kurekebisha abaki mtu mmoja na msaidizi wake. Ikiharibika unaingia kwenye historia ya matoleo unarudisha ya nyuma. Hii kazi sio ngeni, makundi ya Usenet (majukwaa ya zamani ya mijadala mtandaoni) yalikuwa nayo tangu miaka ya 1980, faili lina mtunzaji wake anayejulikana, analituma upya kwa kipindi maalum, mara nyingi kila mwezi, na juu kabisa kuna tarehe lilipofanyiwa marekebisho ya mwisho. Hilo la kutuma upya msilidharau, WhatsApp meseji unayoibandika juu inakaa mwisho siku 30 halafu inatoka.

Daktari_Mifugo_Tengeru
Tarehe iwe kwenye KILA meseji jamani, sio kwenye faili tu, kwa sababu meseji ikishasambazwa magrupu mengine huwezi kuirudisha, mtu anasoma ya zamani anadhani ni ya leo. Na la kuharisha kijani msiandike dawa kabisa. Inaweza kuwa kideri (Newcastle), inaweza kuwa kipindupindu cha kuku, inaweza kuwa kuku hajala tu, na kideri hakina dawa, kina chanjo. Jibu liseme watenge wagonjwa, usiuze wala usigawe kuku, ita mtaalamu.

La chanjo ya maji andikeni kirefu maana ndipo watu wanapopoteza hela: maji yasiwe na klorini, vifaranga wakae na kiu kwa muda wa saa 1 hadi 2, weka maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 2.5 kwa lita, wamalize ndani ya saa 2. Ile ya matone ya I-2, chanjo ya kideri, ni tone moja jichoni, rudia kila miezi mitatu.

Bibi_Kuku_Himo
Na sisi tusiosoma maandishi madogo? Rekodini na sauti.

Kijana_wa_Kijenge
Sawa bibi, ila sauti iwe nyongeza, huwezi kutafuta neno ndani ya sauti na ikibadilika inabidi urekodi upya yote.

Mfugaji_Ngaramtoni
Asanteni sana. Faili nitatunza mwenyewe, daktari nakuomba upitie yote ya magonjwa kabla sijatuma. Bibi, za chanjo na za joto nitarekodi. Mama wa Moshi, lile la vifaranga naomba niliazime lilivyo, nitaandika limetoka kwenu.

MamaVifaranga_Moshi
Chukua mwanangu, na la matandiko mabichi nakutumia jioni.