Mwezi na sayari jioni za Juni: Kitulo, Loleza au Mbalizi?

MpendaAnga_Uyole: Wakuu, Jumanne tarehe 16 Juni 2026 jioni mwezi mchanga utakuwa jirani na Utaridi, huku Mshtarii na Zuhura zikiwa juu yake. Kesho yake utakuwa umepanda hadi karibu kabisa na Zuhura. Machi 2023, Zuhura na Mshtarii zilipokaribiana, mvua ilitunyima kila kitu, kwa hiyo safari hii siiachi. Nina watoto wawili. Niende hifadhi ya Kitulo, nipande mlima Loleza, au nibaki Mbeya mjini?

Mzee wa Mbalizi: Loleza iache, kushuka gizani na watoto ni hatari. Na mjini shida si taa tu. Juni jua huzama kaskazini kidogo mwa magharibi, na upande huo ndiko uliko Mlima Mbeya. Zuhura utaiona hata ukiwa uani, ila Utaridi iko chini, mlima utaimeza mapema. Njoo Mbalizi, ushike njia ya uwanja wa ndege wa Songwe, magharibi kuko wazi. Jua huzama kama saa 12:30, wewe anza kutafuta saa 1 na dakika kumi hivi.

Binti Makete: Anga la Kitulo halina mpinzani, tuko mita 2,600 na taa hakuna. Lakini Juni nyasi huamka na sakitu, yaani umande ulioganda! Sayari zinazong'aa hivi hazihitaji safari yote hiyo. Kitulo njoo usiku usio na mwezi, uone nyota hafifu.

Gangilonga: Sisi Iringa tunapanda jiwe letu la Gangilonga, taa za mji zinabaki chini. Kama una darubini ya mikono, hata ya 10x50 (inayokuza mara 10, lenzi za milimita 50), egemeza viwiko mahali imara uitazame Mshtarii. Utaona nukta ndogo pembeni, hadi nne. Ni miezi yake, ile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Mimi nilishindwa kusema neno. Ila darubini usiielekeze huko kabla jua halijazama lote, macho ya watoto yataungua.

MpendaAnga_Uyole: Ndaga fijo, asanteni sana! Ni Mbalizi, jioni zote mbili.

Mzee wa Mbalizi: Karibuni, mje na makoti. Waonyeshe pia ile sehemu ya mwezi yenye giza, huwa inang'aa kidogo. Huo ni mwanga wa jua uliogonga dunia yetu ukarudi mwezini.