Albamu ya nyimbo 23: ni wingi au ni lumbesa?

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo. Naleta hoja iliyotugawa juzi saluni hapa Mwanjelwa, tukaondoka kila mtu na lake.

Kinyozi alikuwa anapiga nyimbo za Rayvanny. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri zamu akasema huyu kijana ni wa hapahapa Mbeya na katupa heshima, lakini albamu yake ya Sound from Africa, ile ya Februari 2021, haina Mbeya ndani. Jina la Kizungu, wageni wa nje, sisi tuko wapi? Kijana wa pembeni akamwambia: mzee wangu, Mbeya siyo tatizo, tatizo ni nyimbo 23. Nani anazimaliza?

Hoja ya mzee naiheshimu ila siikubali. Parachichi la Rungwe linaliwa Ulaya na hakuna anayesema limesahau kwao. Mtu aliyechukua tuzo ya BET mwaka 2017, ambaye wimbo wake wa Tetema ulimfikia mwimbaji Maluma wa Kolombia hadi wakautoa upya pamoja, ana haki ya kuimbia dunia.

Hoja ya kijana ndiyo iliyoninyima usingizi, kwa sababu nadhani yuko sahihi.

Kwa wasiotoka ukanda huu: lumbesa ni lile gunia la viazi linalojazwa mpaka juu, kisha linaongezwa kilemba na kufungwa kwa kamba. Sheria ya vipimo inalikataza, na wakulima wa Uyole na Njombe wanajua kwa nini. Mnunuzi analipa bei ya gunia moja, kile kilemba kinaondoka bure. Anayeumia ni mwenye shamba. Albamu ya nyimbo 23 naiona hivyohivyo. Sisi wasikilizaji hatujaibiwa chochote. Aliyepunjika ni msanii, maana kuna nyimbo humo alizozitolea jasho na zikapita bila mtu kuzigusa.

Najua nitajibiwa kwamba siku hizi kila wimbo unahesabiwa peke yake, kwa hiyo nyimbo nyingi ni hela nyingi. Kwa hesabu za huko nje ni kweli. Kuanzia 2018 hadi mwisho wa 2025 chati ya Billboard ya Marekani ilikuwa inahesabu nyimbo za albamu zikisikilizwa mara 1,250 na wateja wanaolipia kuwa sawa na albamu moja iliyouzwa, na ukiwa na nyimbo nyingi unafika huko haraka. Spotify nayo, ile programu ya kusikiliza muziki mtandaoni, ilitangaza kuingia Tanzania mwezi uleule wa Februari 2021. Lakini Spotify haiuhesabu wimbo mpaka usikilizwe sekunde 30. Sasa njooni Kabwe mpande bajaji.

Wiki iliyopita nilipanda ya kwenda Uyole, flashi imechomekwa kwenye redio, albamu ikiwa humo yote. Nilikaa mbele, nikawa naangalia kidole gumba cha dereva. Wimbo unaanza, kinanda kinalia, kabla sauti haijaingia kidole kimeshabonyeza. Mwingine, kabonyeza. Aliuacha mmoja tu ukaisha, ule ambao abiria wa nyuma walianza kuuimba. Nikamuuliza, "Kaka, hizo nyingine mbona unaziruka?" Akasema, "Sizijui, na abiria hawazijui. Nikiziacha wananiambia nizime." Flashi yenyewe alijaziwa kibandani pale stendi. Kwa hiyo hata ule mmoja uliosikilizwa wote hakuna kampuni popote iliyouhesabu. Huku kwetu msanii hapati hela ya ule wingi, na hapati sikio.

Enzi za kaseti kulikuwa na ukuta. Kaseti ya dakika 60 ina nusu saa upande A na nusu saa upande B, ukizidisha wimbo haukai, lazima uchague. Sugu, aliyekuja kuwa mbunge wa Mbeya Mjini 2010 hadi 2020, alitoa Niite Mr. II mwaka 1998 na Nje ya Bongo mwaka 1999. Hizo ni albamu mbili ndani ya miaka miwili, wakati leo tunasubiri miaka halafu tunamwagiwa zote kwa mpigo. Kaka yangu alikuwa na ile ya 1999. Ili ufike wimbo unaoupenda ilibidi upite kwenye ule usioupenda, maana kupeleka mbele kulimaliza betri. Hivyo ndivyo nilivyopenda nyimbo ambazo redio haikuzipiga hata siku moja. Kaseti hazitarudi na sidai zirudi. Ninachodai ni ule uchaguzi: msanii akae na nyimbo zake, abakize kumi au kumi na mbili, nyingine aziweke akiba ya mwaka unaofuata.

Mzee wa saluni aliniambia mwishoni kwamba mtu akiwa na chakula kingi humwambii apunguze kupakua. Sikuwa na jibu la haraka, na bado nalifikiria.

Nawasikiliza. Mlioko Iringa, Makambako, Tunduma, Tukuyu: kwenye Sound from Africa mlifika wimbo wa ngapi kabla ya kuacha? Na kama kuna aliyeimaliza yote, aniambie ni wimbo gani wa huko mwishoni nimeuruka kimakosa, niusikilize leo jioni.